Kofi la Kiragu

Si chakula cha hoteli kilichompeleka Mzee Kimanzi Westlands jioni ile ya 2004, kwenye sherehe ya kuzikumbuka filamu za zamani. Alikwenda kusikia neno moja likitoka kinywani mwa Kiragu, mwigizaji mwenzake wa siku hizo, mbele za watu: kwamba kicheko kilikuwa kazi ya Kimanzi.

Zamani filamu zao zilizungushwa kwa gari la sinema, soko hadi soko, na watu walivunjika mbavu kwa kitu kimoja tu. Kiragu, tajiri mwenye tai, anamzaba kofi Kimanzi, mtumishi wake. Kimanzi anapaa, anapita juu ya kiti, anatua kifudifudi na kofia ikiwa bado kichwani. Siri ya kazi hawakuijua. Mkono wa Kiragu haukugusa shavu hata siku moja. Ule mlio aliutoa Kimanzi mwenyewe, kwa kupiga viganja vyake chini ya kiuno, mahali ambapo kamera haikufika. Nyonga iliyoteguka ilikuwa yake pia. Kiragu alipunga mkono tu, kazi ambayo hata tawi la mti kwenye upepo lingeiweza.

Lakini jina alilila Kiragu peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako! Juzi alisema redioni kwamba alimwokota Kimanzi akifagia studio, akamfundisha kuchekesha. Kule Muthangari, nyumbani kwa bintiye Mukai, mjukuu akauliza, "Kwani babu, kazi yako ilikuwa kupigwa tu?" Kimanzi akaiweka chai yake mezani.

Nyuma ya pazia alimkabili Kiragu. "Leo utawaambia ukweli?"

"Ukweli gani? Wacha kunisumbua, Kimanzi. Wewe anguka tu vile unaangukanga. Hawa watu wamekuja kuniona mimi."

Mnafiki mkubwa, na marashi yake! Kimanzi alimchukia. Akavaa kofia yake ya zamani, akapanda jukwaani.

Debra, msichana aliyeendesha sherehe, akaruka na kipaza sauti. "Mzee Kiragu, tupee ile kofi, please!"

Ukumbi ukapiga miluzi. Kiti kikawekwa. Kiragu akanyanyua mkono, akauzungusha kwa mbwembwe zake zote.

Kimanzi hakupiga viganja. Hakuruka. Mkono ukapita hewani kimya, mtu angedhani anafukuza nzi. Watu wakangoja. Kiragu akacheka peke yake.

"Anguka!" akanong'ona.

"Kwani nimepigwa na nini?"

Jasho likamtoka Kiragu. Akarudisha mkono, na safari hii akampiga kwelikweli. Kofia ikaanguka sakafuni.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke wa safu ya mbele akashika mdomo. "Aki mzee wa watu! Si umeumiza yeye!" Wengine wakaanza kunung'unika, na Debra hakujua ashike kipaza sauti au akiweke chini. Kiragu alitazama ukumbi, kisha akautazama mkono wake.

Shavu liliwaka moto, na Kimanzi aliufurahia moto huo. Akainama polepole, kwa ajili ya nyonga, akaokota kofia, akaivaa.

"Haya," alisema, kwa sauti ya kufika viti vya nyuma. "Wachekeshe."

Akaketi kwenye kile kiti alichozoea kukiruka, akakunja mikono, akangoja.