Leida Maana Yake Kupata

Siku ya tatu baada ya kumzika baba yake, Leida Shekoloa anajilaza baada ya sala ya adhuhuri, sauti za waliokuja kuhani zikimfikia kutoka ukumbini, na kabla hajajifunika vizuri, kitanda kinakuwa barabara. Barabara ni nyeupe, huku nyumba za vioo na kule nyumba za vioo, na katika kila kioo yumo yeye, ila uso si wake. Anatembea, anatembea, anajikuta pale pale. Mtu asiye na uso anaungana naye. Leida anamuuliza njia ya kwa baba yake, anajibiwa kwamba huku anayetafuta ndiye aliyepotea. Basi anamtajia jina lake, akidhani litamfungulia mlango, maana baba alimwambia tangu utotoni kwamba ni jina la Estonia, alikosomea misitu ujanani, na maana yake ni ua. Si ua, anasema yule mtu. Kwa lugha ya kule, leida ni kupata ulichokuwa ukikitafuta. Moyo wa Leida unachanua. Kumbe baba alinitafuta, akanipata. Alitafuta, anasema yule mtu.

Mara vioo vinahama, mji unageuka mgongo kuwa uso, na baba anatokea amevaa koti lake la bwana misitu, anaita Leida, Leida, kwa sauti ile ile ya kumwita atoke mvuani. Abee, baba. Anampita. Leida anamshika mkono wa koti, unamponyoka kama maji. Baba anakwenda kusimama mbele ya mwanamke mweupe wa makamo, mwenye paji la uso kama la Leida, anamkumbatia, analia jinsi ambavyo hajapata kulia nyumbani. Yule mwanamke anamtazama Leida kupitia bega la baba yao. Aliniacha nina miezi minne, anasema. Jina ni langu. Wewe alikuvisha tu, apate wa kumwita.

Leida anafumbua kinywa kujibu, na mbele yake ni mama yake, Bi Zaituni, ameketi ukingoni mwa kitanda na kaniki ya eda. Anamuuliza pale pale: baba alikuwa na mtoto Ulaya? Mama anasema ndiyo, alijua tangu kabla ya ndoa, na Leida alipozaliwa alimsihi mumewe mtoto aitwe jina la bibi yake, akakataa. Miaka thelathini na minane nimemsikia akiita, anasema, na kila mara nilijua hakuiti wewe.

Leida anasema amemwona huyo dada, sasa hivi, usingizini.

Usingizi gani, mwanangu? Tangu adhuhuri umekaa hapo macho wazi.

Leida anapapasa shuka. Limenyooka, la baridi. Ukumbini mtu anaita, Leida, njoo ule, naye hajui kama aitike.