Kadi Juu ya Sinki

"Gusa kadi moja tu, fundi, na hiyo ndoo yako utaiokota barabarani," alisema mume wangu, na fundi wa rangi akanitazama kama mtu aliyekosea nyumba.

Nilimwambia asitishike, mimi ndiye niliyemwita. Jiko limeota ukungu tangu mvua ziliposhika, na jambo hili tulikuwa tumelibishania tangu asubuhi mpaka chai ikapoa kwenye birika. Kuta tatu, mume wangu alisema, hana neno nazo. Ule wenye kadi usiguswe.

Kadi ni za binti yetu. Alikuwa kidato cha tatu, na baba yake alimwita Profesa. Kiingereza kilimpiga chenga, naye akakitafutia dawa. Kila wiki alichagua maneno yanayoanza kwa herufi zilezile, akayaandika kwenye vipande vya maboksi ambavyo baba yake alimletea kutoka kiwanda cha mikate, na maana ya kila neno chini yake, akavibandika juu ya sinki ili avisome akiosha vyombo. Kanuni yake ilikuwa moja: neno halitoki ukutani mpaka utaje maana yake bila kutazama. Wiki ya mwisho ilikuwa ya k na n. "Knee", goti. "Knot", fundo. "Knock", kubisha hodi. "Knit", kufuma. Kadi kumi na moja.

Homa ya uti wa mgongo ilimmaliza kwa siku nne. Mimi ni fundi wa maabara. Majibu niliyaona kabla ya daktari. Miezi saba imepita.

"Hizi hakuzimaliza," mume wangu alisema. "Kanuni ni kanuni, mama."

"Basi zijue wewe. Geuka."

Aligeukia mlango. Nikamuuliza la goti, akasema hajui. La fundo, hajui. Shule yake iliishia darasa la saba, kwa hiyo sikushangaa. Nikaendelea kwa sauti ya kazini, ile ninayoitia namba za wagonjwa.

"Knead."

"Sijui."

Kadi hiyo ina mchoro. Profesa alichora mikono miwili ndani ya beseni, akaandika chini yake: kukanda unga, kazi ya baba. Mume wangu ameoka mikate miaka ishirini na miwili. Siku kadi ilipoandikwa aliibeba kwenda kuwaringishia wenzake kazini, na tuliidai siku mbili ndipo akairudisha. Hata fundi, asiyetujua, aliusoma ule mchoro kisha akainamia ndoo yake.

Nikasogea ukutani. Kila kadi ilikuwa na alama nyeupe ya dole gumba, mahali palepale, juu ya maana. Kumbe akirudi kutoka kazini, kabla hajanawa unga, husimama hapa akiziba maana kwa kidole na kujiuliza mwenyewe.

"Unazijua zote," nilisema.

Hakugeuka. "Nikisema najua, zinatoka. Zikitoka, mtoto amemaliza."

Msibani walisema nina moyo wa jiwe kwa sababu nilikuwa nikipanga viti. Waache waseme. Miezi saba nimeamini kwamba nyumba hii ina mmoja anayesonga mbele na mmoja aliyekwama, na kwamba ninayesonga ni mimi. Ukweli ni kwamba nilimwita fundi wa rangi kwa sababu siwezi tena kuosha kikombe huku mwandiko wake unanitazama.

Kisha nikamwambia fundi apake kuta tatu, na kwa ukuta wa nne nitamwita tena. Akauliza lini. Nikamwambia baada ya wiki kumi: kila Jumapili itatoka kadi moja, na wa kujibu ni baba yake Profesa. Akanung'unika kwamba ukungu haujui Jumapili. Nikamjibu kwamba mimi na ukungu tumeshazoeana, yeye ashike brashi.

"Leo ni Jumapili," nikamwambia mume wangu. "Knead."

Brashi ilipita ukuta wa dirishani mara mbili, tatu.

"Kukanda," alisema. "Kukanda unga."

Nikaibandua taratibu. Gundi iling'oka na rangi ya zamani, pakabaki peupe. Nikamtia kadi mfukoni mwa shati na kumfungia kifungo.