Kifungo cha Kijani Kwenye Bei ya Makaa

Usiku wa kuamkia leo mwenzenu nimeota, jamani, na nimeota kitu kizima chenye mwanzo na mwisho, kwa hiyo kaeni niwasimulie kabla hakijaniponyoka.

Soko letu la Mkalole lilikuwa limewekwa kwenye ungo. Soko zima: vibanda, mama wa maharage, mbwa wa buchani, bendera ya ofisi ya kijiji. Shangazi Filotea amelibeba kichwani, anapanda nalo kilima, mkono mmoja kiunoni.

"Shangazi, soko unalipeleka wapi?"

"Naenda kulianika, limepata unyevu. Na wewe usisimame hapo kama mgeni. Shika upande."

Nikashika. Lilikuwa jepesi. Kwenye ripoti yangu ya chuo niliandika kwamba soko la makaa la Mkalole ni dogo sana, ila sikutegemea kwamba linaenea kwenye ungo.

Kwa msiomjua, shangazi yangu anauza makaa ya mawe. Si yale meusi yanayopakiwa kwenye malori, hapana. Yake ni ya kahawia, machanga, yamejaa maji, ukiyaacha juani yanamomonyoka. Mnunuzi wake wa maana ni mmoja tu, Mzee Kanisius mchoma matofali, ambaye mke wake alishafariki, kama mume wa shangazi. Sasa mimi, kwa akili zangu za diploma ya masoko, nilimwambia shangazi afunge banda, arundike makaa, asiuze. Mstari wa bei kwenye grafu yangu ulikuwa unapanda, na baridi ikija ungepanda zaidi. Akanisikiliza bila swali, tena akijisifu kwa majirani.

Baridi imekuja. Bei imeshuka. Jana jioni shangazi akasema lundo likigeuka vumbi anaacha biashara, anahamia Songea kwa binti yake kulea wajukuu. Alisema anatabasamu, na ndiyo maana nililala vibaya.

Basi, tunafika juu ya kilima, na juu ya kilima ni ndani ya banda la shangazi. Lundo limelala, limefunikwa blanketi mpaka shingoni.

"Shikamoo," makaa yanasema, yote kwa pamoja, kama darasa.

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo, ila tuna homa."

Donge moja la mbele likainama kidogo ili nilipime kipaji cha uso. Lilikuwa la moto kweli.

"Mmelala tu humu, homa mmeitoa wapi?"

"Tumebanana, dada. Wale weusi wamekaa chini ya ardhi mpaka wakatulia. Sisi bado watoto. Ukiturundika tunachemka, tukichemka tunajiwasha wenyewe. Na hatutaki, maana Mama Filotea tunampenda. Anatufunika magunia mabichi. Anatuimbia nyimbo za kwaya, sauti ya pili."

"Vumilieni kidogo. Tunamsubiri Bei apande."

Makaa yakatazamana. "Bei si huyo hapo?"

Bei alikuwa amekaa juu ya mzani. Ukubwa wake kama kuku. Amevaa koti la suti, hana viatu.

"Wewe ndiye Bei?"

"Wa makaa ya kahawia tu," akasema. "Wa meusi ni kaka yangu, yeye anatembelea ndege."

"Mbona hupandi? Grafu yangu..."

"Nimeiona. Nzuri. Nimependa ile kalamu ya zambarau. Lakini niangalie nilivyo, mimi nitapanda kilima peke yangu? Mimi huwa nabebwa. Kanisius ananibeba mgongoni."

"Si ndiyo baridi imekuja? Matofali hayakauki, atahitaji makaa."

Bei akacheka mpaka mzani ukasoma vibaya. "Msomi, njoo uone."

Tunapiga hatua moja, tuko uwanjani kwa Kanisius. Tanuri lake limekaa kwenye stuli, linakunywa uji. Nyuma yake kuna makabati ya vyombo, na ndani ya makabati kuna makaa ya kahawia, donge moja moja, limewekwa kwenye kitambaa cha kufuma, kama vikombe vya wageni.

"Haya yote hayajachomwa?" nikauliza.

"Nani achome?" tanuri likajibu. "Mimi nakula maganda ya kahawa, miaka sasa. Hayo ni ya mwenyewe. Kila Jumatano anakwenda kununua, akirudi anayafuta vumbi na kuyapanga. Wala siulizi. Nikiuliza ananizima."

"Ananunua ya nini sasa?"

"Muulize kifungo."

Kanisius mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, anapangusa donge kwa leso, ananong'ona nalo. Sweta lake lilikuwa na vifungo vya kahawia, ila kimoja ni cha kijani. Hicho cha kijani kikakohoa.

"Mimi ni wa gauni la shangazi yako," kikasema. "Nilidondoka siku moja akipima makaa. Huyu akaniokota, badala ya kunirudisha akanishona kwake. Kwa uzi mwekundu. Angalia anavyoshona, jamani, angalia tu."

Niliangalia. Ilikuwa aibu.

Hapo ndipo grafu yangu ilinifungukia. Shangazi akiongeza bei, Kanisius analipa. Akiongeza tena, analipa, haombi kupunguziwa hata senti, anauliza tu kama mvua itanyesha. Kumbe mstari wote ule wa zambarau ulikuwa ni mtu mmoja anakwenda kumwona mtu mmoja! Na mimi nikaja na diploma yangu nikafunga banda.

"Tangu mfunge sijabebwa," Bei akasema, akinionyesha nyayo zake. "Natembea mwenyewe. Na ukitembea mwenyewe unakwenda kwenye mteremko, ndiko rahisi."

Nikapiga kelele. "Mzee Kanisius! Makaa yana homa!"

Akageuka polepole, leso mkononi.

"Makaa tu?" akauliza. "Mwenyewe mzima?"

Nikaamka.

Nilitoka na khanga moja, mbio mpaka bandani, nikaingiza mkono chini ya magunia. Moto! Moto kweli, na kamoshi kembamba kanachungulia.

"We Leokadia, unapika nini humo?" shangazi akaita kutoka uani.

"Lundo linachemka, shangazi! Lete koleo, tulitawanye!"

Tukalivuta, tukalitandaza uwanja mzima, tunakohoa, tunacheka kwa woga. Hatujafika nusu baiskeli ikaanguka barabarani puu, na Mzee Kanisius huyo anakuja, hata pumzi hana.

"Nimeona moshi," akasema. "Kuna nini?"

"Makaa tu," shangazi akamjibu. "Sisi wazima."

Akachukua koleo mikononi mwa shangazi. Walifanya kazi bega kwa bega mpaka makaa yote yakapoa, yamelala juu ya udongo kama watoto waliooga. Mimi nilikuwa nimeshasimama kama mti, maana sweta la Kanisius lilikuwa na kifungo cha kijani. Uzi mwekundu. Nikageukia gauni la shangazi: kifuani, pale pa kifungo cha tatu, amebana pini.

Shangazi akajifuta jasho. Akamtazama Kanisius, akalitazama sweta, akakitazama kile kifungo.

"Leokadia, fungua mlango wa mbele, leo tunauza," akasema. "Na wewe Kanisius, vua hilo sweta. Nani kakushonea ovyo namna hiyo?"