Santuri ya Tatu

Jumamosi, tarehe ishirini na mbili Agosti. Asubuhi kulikuwa na ukungu mwepesi, ukapanda taratibu, na kabla sijamaliza chai jua la upole lilikuwa limekaa juu ya mabati ya jirani. Upepo haukuwepo. Nilisali, nikavaa gauni langu la kijivu, nikamwambia Mungu kwamba leo kuna kikao na mimi sijui nitakaa upande gani.

Kikao kilihusu ukumbi tunamosali. Ni ukumbi mmoja mrefu uliogawanywa katikati kwa ukuta wa mbao. Upande wa mbele ni wetu, kikundi cha sala cha akina mama na wazee wachache, na kwaya yetu huimba humo kila Jumamosi alasiri. Upande wa nyuma ni klabu ya dansi. Nikisema klabu, usifikirie giza na vurugu. Ni watu wa makamo, wengine wana wajukuu, waliocheza muziki wa hausi wakiwa vijana na hawakuuacha. Wanakutana alasiri ile ile tunayosali sisi, kwa sababu magoti yao hayataki tena kukesha, na jua likizama kila mtu anarudi kwake. Dijei wao ni mdogo wangu, tumbo moja.

Watu wanamwita Sindano, kwa ajili ya ile sindano ndogo inayopita juu ya santuri na kutoa muziki. Mimi ni fundi cherehani. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba amezaa watoto wawili na wote wanakula kwa sindano, ila mmoja anashona na mwingine anakwaruza.

Niliwahi kuingia kwao mara moja, kumpelekea suruali niliyompunguzia kiunoni. Nilisimama mlangoni na mfuko wangu kifuani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Muziki ule hauna haraka. Ngoma inapiga sawasawa, pu, pu, pu, pu, kama moyo wa mtu mwenye afya, na juu yake kinanda kinakuja na kuondoka, na sauti ya mwanamke inarudia neno moja mpaka unaanza kulielewa. Watu walikuwa wamefanya duara. Mmoja aliingia katikati, akacheza yake, akatoka, akapigwa bega, akaingia mwingine. Mkunga aliyewahi kumzalisha mke wa jirani yangu alikuwa anateleza kwa miguu yote miwili kama yuko juu ya mafuta. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Fundi bomba mmoja aliniletea kiti na kitambaa cha kufutia jasho, nami nilikuwa sijatokwa hata tone.

Mdogo wangu alikuwa nyuma ya mashine zake mbili za santuri, hedifoni imefunika sikio moja, jingine liko wazi.

"Mbona umeziba moja tu?" nilimuuliza.

"Hili lililozibwa linasikiliza wimbo unaokuja, dada. Hili la wazi linasikiliza uliopo. Nikizipatanisha, huyu anaingia, yule anatoka, na mchezaji hajui nani kaondoka saa ngapi."

Nilifikiri ni jambo zuri mtu kufanya kazi ya kupatanisha, hata kama ni nyimbo tu. Nikaenda zangu.

Basi, neno lililotuletea kikao ni unga. Mama anayesafisha jengo, tunayemwita Mama Fagio, alikuwa akinung'unika koridoni na ndoo yake: "Hawa wa dansi wataniua na unga wao. Wakiondoka sakafu nyeupe, kona nyeupe, hadi ndoo yangu nyeupe." Mama Mwenyekiti, kiongozi wa kikundi chetu, alikuwa anapita. Kuna unga wa kupika na kuna unga unaowamaliza watoto wa watu, na yeye hakuuliza ni upi. Hata chai hakunywa. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenye jengo.

Mwenye jengo ni mzee mpole anayeogopa polisi. Alisimamisha dansi mpaka kikao kikae, na akasema ikithibitika, Sindano atoe vitu vyake.

Nilimkuta mdogo wangu ukumbini akikunja nyaya.

"Unga?" Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akanitolea kopo kutoka chini ya meza. Lilikuwa na picha ya mtoto mchanga. "Ni poda, dada. Tunainyunyiza sakafuni ili mguu uteleze. Bila poda mwili unageuka na goti linabaki nyuma."

"Mwambie mwenye jengo."

"Nimemwambia. Anasema kila anayekamatwa husema ni poda."

Alikaa juu ya spika. Sijawahi kumwona amekaa wakati kuna kazi. "Wakinitoa hapa, zile santuri nitazirudisha chumbani kwangu, chini ya kitanda. Nitazipiga, nitazisikia peke yangu. Yule fundi bomba, tangu mkewe afariki, hapa ndipo pekee anapoongea na watu. Nitamwambia aje akae kitandani kwangu?"

Nilikwenda kwa Mama Mwenyekiti na kopo mkononi. Alilitazama bila kuligusa.

"Ni mdogo wako," akasema. "Ungeniambia nini kingine?"

Jumamosi iliyofuata nyuma ya mbao kulikuwa kimya. Tulifurahi, au tulisema tumefurahi. Mama Mwenyekiti alimshukuru Mungu kwa niaba yetu kwa utulivu ule, kisha tukasimama kuimba.

Lazima nieleze tunavyosimama. Sisi sauti ya tatu tunakaa nyuma, na mimi mgongo wangu unagusa ule ukuta wa mbao. Hatuna ngoma wala kinanda, kwa sababu Mama Mwenyekiti anaamini makofi yanatosha. Kabla ya kuhamia jengo hili tulikuwa tunaimba sebuleni kwa mmoja wetu, na kusema kweli ilikuwa kila mtu na wimbo wake. Tulipohamia hapa tukanyooka. Mhubiri mgeni alitusifu, akasema tunakwenda kama mtu mmoja. Tulisema ni matunda ya maombi, na mimi niliitikia amina kwa moyo wote.

Siku ile ya ukimya tulianza vizuri. Kufika ubeti wa pili, sauti ya kwanza walikuwa wameshafika kwenye kiitikio wanatungoja, na sisi wa tatu bado tunakokota.

Mama Mwenyekiti akainua mkono. "Nani anakimbia?"

"Sisi tuko pale pale," akasema mama mmoja wa sauti ya kwanza.

"Pale pale wapi?" akauliza Mama Mwenyekiti. "Pale pale mbinguni? Mmetuacha duniani peke yetu."

Tulianza tena. Makofi yakawa kama mvua inayoanza kudondoka juu ya bati, moja huku, mawili kule. Mzee mmoja akasema labda ni hali ya hewa. Mwingine akasema ni kwa sababu hatukufunga. Mgongo wangu ulikuwa unatafuta kitu kwenye zile mbao na haukukipata. Nilijua ni nini. Kwa muda wote ule nilikuwa napiga makofi pale mbao zinapotetemeka, na waliokuwa mbele yangu walikuwa wananifuata mimi, na waliokuwa mbele yao wanawafuata wao.

Usiku huo sikufungua daftari la masomo ya jioni. Nilipiga magoti. Nilikuwa naogopa. Kwaya ile ndiyo iliyonishika mkono nilipokuwa siwezi kusoma hata wimbo ukutani, na Mama Mwenyekiti ndiye aliyeniambia niende shule nikiwa na mvi. Kumwambia kwamba tulichokuwa tunaegemea ni dansi ya Sindano, ningeona kama namtupia tope usoni. Lakini nikinyamaza, mdogo wangu anarudi chini ya kitanda na santuri zake. Nilimwomba Mungu anipe maneno machache na yawe ya kweli.

Leo tulikaa upande wetu, viti kwa duara. Wachezaji dansi walikuja na nguo za heshima, wakakaa karibu na mlango kama wageni msibani. Mwenye jengo akamwita Mama Fagio kwanza.

"Wewe ndiye uliyesema unga?"

"Nilisema unga, ndiyo. Ningesema nini? Ule wa kuwapaka watoto." Akapiga chafya, kwa kuukumbuka tu. "Mzee, ningekuwa nafagia huo mwingine, ningekuwa bado nafagia?"

Watu wakacheka, hata mwenye jengo. Alilifungua lile kopo, akanusa, akajipaka kidogo nyuma ya mkono, akasema hilo limekwisha.

"Halijaisha," akasema Mama Mwenyekiti. Hakuwa na hasira. Alikuwa na ile sauti yake ya kupanga viti. "Nimekosea neno, nakiri, na kijana nakuomba radhi. Lakini poda au si poda, mdundo wao unaingia kwenye sala yetu. Sisi tumekuja hapa kutafuta utulivu. Naomba chumba cha nyuma kipewe watu wengine."

Mwenye jengo akakuna kidevu. Niliona anaelekea kukubali, kwa kuwa yeye hukubaliana na anayesema mwisho. Mdogo wangu alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikasimama.

"Mama Mwenyekiti, naomba kusema. Jumamosi iliyopita tulipewa utulivu. Tuliimbaje?"

Mama wa sauti ya kwanza akakohoa.

"Tuliimba vibaya," nikasema. "Si kwa sababu hatukufunga. Mimi nasimama nimeegemea zile mbao. Napiga makofi pale zinapopiga. Ninyi mnanifuata mimi, na mimi namfuata Sindano. Maombi yetu ni ya kweli, na sauti ni zetu. Lakini mwendo tumeazima kwa jirani, na sasa tunataka afukuzwe."

Nilifikiri ndiyo basi, nitafute kwaya nyingine. Lakini Mama Mwenyekiti akamgeukia mdogo wangu.

"Ni kweli?"

"Sehemu," akasema Sindano, akasimama kwa adabu. "Mama, na mimi nawasikia. Nikiwa kazini sikio moja liko wazi, na sauti zenu zinapita kwenye mbao. Mdundo wangu na makofi yenu vikigongana, inaniuma kama jino. Kwenye mashine kuna kitufe cha kusogeza, cha kuongeza mwendo na kupunguza. Kwa hiyo mnapoanza wimbo, navuta santuri yangu kidogo kidogo mpaka inakaa chini yenu. Ubeti wa pili huwa mnakokota, nawapunguzia. Kiitikio mnachangamka, nawaongezea. Hawa wachezaji hawajui. Kwangu mimi ninyi ni santuri ya tatu."

"Ndiyo maana kuna siku napoteza hatua," akasema fundi bomba.

"Umetufanya santuri?" akauliza Mama Mwenyekiti.

"Santuri nzuri, mama. Ina mkwaruzo kidogo tu, pale kwa sauti ya tatu."

"Hapo ni dada yako," mkunga akadakia, na chumba kizima kikaangua kicheko. Nilicheka na mimi, machozi yakinitoka, nikayafuta kwa mtandio.

Mama Mwenyekiti hakucheka haraka. Alikuwa anahesabu kitu moyoni, naye ni mtu asiyependa kuonekana amegeuka. Mwishowe akasema, "Ule wimbo wa mwisho, wa taratibu. Huwa unaupunguza?"

"Huo nauogopa. Unanimalizia kitufe. Kinafika mwisho na bado mko nyuma."

Hapo ndipo alipocheka, akajifunika mdomo kwa kitambaa.

"Lakini kuna sala ya kimya," akasema alipokwisha kujifuta. "Hapo mdundo unanikata kabisa. Nikiwa namwombea mwanangu aliye mbali, pu, pu, pu. Hilo utalifanyaje?"

Sindano alifikiri. Niliona vidole vyake vinatembea hewani, vinatafuta kitufe ambacho hakikuwepo.

Mwenye jengo akasema, "Sitaki mambo ya kuandikiana. Watu wanaandika kisha wanapoteza karatasi. Kijana, sema hapa, wote tusikie. Ukisema na ukatimiza, chumba ni chako."

Wachezaji wakasimama nyuma yake. Sisi pia tukasimama, bila kuambiwa, kama tunavyosimama likisomwa neno. Mdogo wangu akapangusa mikono kwenye ile suruali niliyompunguzia.

"Mbele ya mwenye jengo, na mbele ya akina mama na wazee wa sala, na mbele ya wenzangu wa dansi," akasema. "Makofi yenu yakinyamaza, besi yangu, hii ya pu, pu, pu, itanyamaza. Itabaki kinanda, tena kwa chini, na wenzangu watacheza kwa vidole vya miguu. Sitairudisha mpaka nisikie mkono wa kwanza umepiga. Naahidi mbele ya dada yangu na Mungu wake."

"Na wako," nikasema.

"Na wangu," akasema Sindano, kwa sauti iliyofika hadi kwa Mama Fagio mlangoni.