Vitundu vya Ukutani

Mfereji ulipofungwa maji ili usafishwe, ukuta wake wa zege ukabomoka upande mmoja: mabamba mazima yaling'oka na kulalia ndani. Kikao kikaitishwa palepale ukingoni, na kabla hata mtu hajainama kutazama, mkosaji alishapatikana. Ng'ombe wa mjomba.

Nilipandwa na hasira. Mjomba ndiye aliyenilea, na ng'ombe wake hawana pengine pa kunywa. Mwenyekiti alitaka wasikanyage tena hapo.

"Kwato zao ndizo zimevunja," akasema.

"Kwato zinakanyaga kwenda chini," nikamjibu. "Haya mabamba yamesukumwa kutoka nyuma. Au siku hizi ng'ombe wanachimba handaki?"

Watu wakacheka, lakini msimamo wao haukubadilika. Nikamgeukia mume wangu anisaidie, maana yeye ni fundi mwashi na ndiye anayekarabati mfereji. Nikamkuta amechuchumaa, anapapasa zege.

"Vile vitundu vya ukutani niliviziba mimi," akaninong'oneza. "Vilikuwa vinachuruzika, nikaona kazi haipendezi."

"Kwani vilikuwa vya nini?"

"Vya kutoa maji yanayojikusanya kwenye udongo huko nyuma. Mfereji ukijaa, maji ya ndani yanaushikilia ukuta. Ukikaushwa ghafla, ya nyuma yanausukuma. Niliambiwa, nikadhani ni maneno tu."

"Basi waambie."

"Nikisema, nani atanipa kazi tena?"

Nilimhurumia, kweli. Lakini mjomba alikuwa amesimama peke yake, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Useme wewe, au niseme mimi."

Akainuka, akasema yote. Hawakumwamini, walidhani anamkingia kifua mkwewe. Ndipo akachukua nyundo na tindo, akashuka mferejini na kuanza kugonga kiraka chake mwenyewe kwenye bamba lililobaki wima. Kiraka kikagoma. Aligonga mpaka jasho likamtiririka, na kilipotoboka, maji ya tope yakamrukia usoni.

Mwenyekiti akaguna. Habari ya ng'ombe hakuitaja tena.

Mjomba akashuka taratibu, akampangusa mume wangu tope kwa kiganja chake.

"Pole, mkwe wangu," akasema. "Uliziba vizuri mno."