Chapati ya Kabichi Mbele ya Mkwe

Mimi nina kinyaa na sijawahi kukificha. Unywele mmoja kwenye mchuzi unaninyima chakula siku nzima, na maziwa yakifanya utando, mezani sikai. Ndugu zangu waliniita Mama Kinyaa kabla hata sijazaa. Ubaya ni uso wangu: kila linalotokea tumboni, watu hulisoma usoni.

Binti yangu, muuguzi, ameolewa Japani. Mkwe wangu, mama wa mume wake, alitutumia boksi lenye sosi nyeusi na pakiti ya samaki mkavu aliyeparuzwa mpaka akawa kama maranda ya seremala. Alitaka Jumapili tupike chapati zao za kabichi, tule anatuona kwenye simu. Yeye naye ataonja ndimu nilizompelekea, nilizoloweka kwa mkono wangu na chumvi na pilipili.

"Mama, nakuomba," binti alinipigia mapema, sauti ya chini. "Siku ya harusi walipotuletea mwani, ulikunja uso mbele za watu. Huyu mama alilia chumbani. Naishi naye nyumba moja. Ukirudia, mimi ndiye nitakayebaki nalo."

Nikaapa. Nikafanya na mazoezi kwenye kioo.

Mume wangu, fundi plasta, alinivua aproni. "Unga, maji, kukoroga. Hiyo si ndiyo kazi yangu?" Akakuna kiazi kikuu. Ukatoka ute mweupe, unavutika, unaning'inia kwenye vidole vyake, kamasi tupu za mtoto mwenye mafua. Nilitoka nje nikavuta hewa. Niliporudi alikuwa ameutia kwenye kabichi na mayai, anakoroga kwa mkono hadi kwenye kiwiko.

"Binti kasema usikandamize," nikamkumbusha alipomimina kikaangoni.

"Usikandamize, halafu ishikaneje?" Hajawahi kuacha kitu bila kukisawazisha, huyu. Aliukamata mwiko wa jikoni kama ule wa kazini, akakandamiza katikati, akanyoosha kingo, akarudi nyuma kutazama kama pamelala sawa. Ute ukachuruzika pembeni ukachemka. Jiko zima likanuka yai bichi na shombo.

Simu ikaita. Mkwe alikaa wima, nywele zimechanwa vizuri, binti yangu ubavuni pake akinitolea macho. Nikamwaga sosi, nikatia mayonezi, nikanyunyiza samaki. Mvuke ulipowafikia wakaanza kujikunja, wakanyanyuka, wakacheza juu ya chapati. Nusura nipige kelele kwamba wako hai.

Nilikata kipande. Juu kigumu kama soli, ndani kibichi. Kiliponyanyuka kiliacha uzi mrefu kutoka sahani hadi mdomoni mwangu, nao ukakataa kukatika. Samaki mmoja akaning'ang'ania kwenye kaakaa, bado anajikunja. Nilikichukia kile chakula kwa moyo wangu wote. Nikatabasamu, meno yote nje.

"Mwambie kitamu," nikasema kwa pembe ya mdomo.

Binti akatafsiri, uso wake umechanua. Mkwe akainamisha kichwa, akafungua chupa yangu, akatoa ndimu nzima. Nzima! Sisi hukata kijipande kidogo, na sikuwa nimemwambia. Akaiingiza yote.

Mashavu yakasimama. Jicho moja likajaa maji. Kisha akatabasamu, meno yote nje, wala hatafuni. Mimi nilikuwa nimeuvaa uso huohuo.

"Mwambie ateme," nikasema.

"Mama!"

"Mwambie ateme. Na mimi natema."

"Mama, uliniapia!"

Nikachukua tishu, nikatema palepale mbele ya simu, uzi na vyote. Pembeni mume wangu alikuwa anamalizia chapati ya pili. Binti akafunika macho. Mkwe akakinga kiganja, akaitema ndimu. Halafu akaanza kucheka, akipiga meza, huku anapepea ulimi kwa mkono, akasema maneno mengi kwa haraka.

Binti alichelewa kutafsiri. Alikuwa anajifuta machozi.

"Anasema siku ya harusi alidhani umemchukia yeye," akasema. "Anauliza, kumbe ulichukia mwani?"

"Mwani," nikasema. "Mwambie mwani tu."