Sakafu ya Felder na Nyimbo Nyepesi

Kila Jumamosi alasiri Nelda Wiedenfeld hunyunyiza unga wa mahindi kwenye sakafu ya ukumbi wa dansi wa Felder, huko Texas, ili viatu viteleze vizuri. Kisha hulaza gitaa lake la chuma mapajani akaanza kukaza nyuzi, huku mumewe, Arlo, akifunga kamba kwenye boriti. Kamba ni za kuwashushia watu.

Hapo Felder wimbo mwepesi humnyanyua mchezaji. Bendi za Oklahoma humwinua kidogo tu, unene wa soli. Za Louisiana, zenye kodiani, hazimwinui mtu hata chembe, humtoa jasho. Lakini nyimbo za redioni kutoka Nashville, mji wa biashara ya muziki, zile za pikapu, bia baridi na msichana asiye na jina, hupandisha ukumbi mzima hadi darini, na huko watu huendelea kuzunguka kinyume cha mwendo wa saa, maana ndiyo desturi ya Texas. Wenye magoti mabovu huzipenda sana.

"Muziki wa kantri umekufa," Arlo hupenda kusema.

"Umekufa wapi, na kila Jumamosi unaning'inia juu kama popo?" Nelda humjibu.

Basi siku moja akaja Tripp Callaway, mwimbaji kijana wa Nashville, na kamera zake. Alikuja na meneja wake, Dale, bwana mmoja ambaye zamani aliwahi kukaa pale baa akamnunulia Nelda bia na kurekodi kwenye simu wimbo aliotunga Nelda, wa kisima kilichokauka. Felder hakuna anayeandikisha wimbo. Ukiimba, watu wakacheza, yamekwisha. Kuuandikisha ni sawa na kuandikisha salamu. Kumbe Nashville huandikisha. Wimbo ulikuwa umeshatoka redioni kwa jina la Tripp, bila gitaa la chuma.

Nelda hakutaka makuu. Alitaka jina lake litajwe redioni mara moja tu, mama yake asikie. Mama huyo, Bi Ottilie, nyonga zimemlemea, ana miaka mingi hajafika ukumbini, na haamini neno mpaka litoke redioni. Nelda alipomwambia wimbo ule ni wake, mama alicheka: "Ungekuwa wako si wangesema?" Nelda akaenda kwa wenye redio. Wakamkaribisha kahawa, wakamwambia saa ile tayari ina mwimbaji wake wa kike, na wanawake wawili kwa mfululizo wasikilizaji hawawezi kuwavumilia. Roho ilimuuma, jamani, iliuma.

Jioni ile alipokuja Felder, Tripp aliimba nyimbo tatu za kwanza, watu wakawa darini, kofia zikisugua mbao. Yeye mwenyewe alielea juu ya jukwaa, na Dale akaagiza kamera ziinuliwe. Kisha Tripp akaanza ule wimbo wa kisima kilichokauka. Wachezaji wakashuka mmoja mmoja, polepole, mpaka viatu vikagusa unga. Buti za Tripp nazo zikatua. Kamba hazikuhitajika. Ukumbi wote ukamgeukia Nelda.

"Mama, huu wimbo ni wako?" Tripp aliuliza.

"Wangu, mwanangu. Ila unaukimbiza mno."

"Mimi waliniuzia."

"Najua. Haya, anza upya."

Akalaza gitaa mapajani, wakaupiga pamoja, na haki ya Mungu Felder haijawahi kucheza vile. Nelda alifurahi mpaka akacheka peke yake. Dale naye alifurahi. Alisema wimbo mzito wa kushusha watu sakafuni una soko, akawaambia wenye kamera wapige picha za miguu.

Wimbo ukatoka tena, safari hii na gitaa. Jumapili Nelda alikuwa jikoni kwa mama yake akikata soseji, mtangazaji akasema huo ni utunzi wa Tripp Callaway, kijana anayeijua Texas. Bi Ottilie akasikiliza mpaka mwisho, kichwa kikiyumba.

"Mama yake ana bahati, kupata mtoto wa kumwimbia hivi," alisema. "Hata sisi tulikuwa na kisima kama hicho. Kilikauka ukiwa mdogo, hukumbuki."

"Nakumbuka, Mama."

"Wanaurudia tena saa kumi. Kaa tuusikilize."

Nelda akafuta mikono, akakaa.